TAARIFA KWA WANACHAMA: KADI YA MTUMISHI NI SHAURI LA TAWI ZIMA

*Tunduma, Jumapili 21 Aprili 2024*



Someni hadi mwisho kabla ya kujibu. Ujumbe ni mrefu kwa sababu kikao cha Jumapili iliyopita kilikuwa kirefu, na wengi hamkuwepo kwa ajili ya mvua na biashara.

Katika kikao kile ilisomwa hoja kwamba tawi litoe kauli juu ya mabadiliko ya bima ya afya ya watumishi wa halmashauri. Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka na mwanachama wa siku nyingi, alisimama akasema: "Hiyo si ajenda yetu. Mtumishi ana mshahara, ana kadi, ana likizo. Mimi nikiumwa nauza debe la mahindi. Tawi lisinipotezee muda." Wapo waliompigia makofi. Hatuwalaumu, maana alisema wazi jambo ambalo wengi wanalisema kimoyomoyo.

Uongozi wa tawi umekaa, umetafakari, na umeamua kinyume chake. Tunawaeleza kwa nini.

*1. Nini kimetokea*

Tarehe 1 Machi mwaka huu kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kilianza kutumika. Kitita ni ile orodha inayosema Mfuko unalipia huduma gani, dawa gani, kwa bei gani na katika ngazi ipi ya hospitali. Siku hiyohiyo hospitali kadhaa za binafsi, kupitia umoja wao wa APHFTA, zilisitisha kuwapokea wagonjwa wenye kadi za NHIF, zikidai kwamba bei mpya haziwatoshi. Serikali ikawaambia wananchi waende kwenye vituo vya umma. Mazungumzo yakafuata na baadhi ya hospitali zikarejea.

Kwenye redio ilisikika kama ugomvi wa wakubwa wa Dar es Salaam. Huku kwetu ulifika kwa njia nyingine. Mke wa mwanachama wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi uliopita alimpeleka mtoto kwenye kituo kimoja nje ya mji wetu, kituo alichokitumia miaka yote. Akapokelewa, akapewa namba, akakaa saa mbili kwenye benchi. Alipofika dirishani akaambiwa: "Mama, kipimo hiki sasa bima haikubali hapa. Lipa taslimu au nenda ngazi ya juu." Hana barua aliyowahi kuandikiwa na hakuna tangazo aliloliona. Amekatwa mshahara kila mwezi tangu aajiriwe, lakini habari za fedha yake amezipata dirishani, mtoto akiwa mgongoni na homa.

Kitita kikibadilishwa bila mwenye fedha kuambiwa, kinachobaki ni makato tu. Hatuwezi kuyaita bima.

*2. Fedha ni ya nani*

Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa hiyo tuhesabu pamoja.

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ikaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Hana hiari. Hawezi kusema mwezi huu nina karo, nikateni mwezi ujao.

Chukueni mtumishi wa kima cha chini cha mwaka huu wa 2024, shilingi 370,000. Yeye anakatwa 11,100, mwajiri anaweka 11,100, jumla 22,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 266,400. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 24,000, na pamoja na ya mwajiri inakuwa 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka.

Sasa linganisheni na sisi wengine. Kaya ya watu sita inayojiunga na CHF iliyoboreshwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Kile ambacho mtumishi wa chini kabisa na mwajiri wake wanachanga kwa mwezi mmoja na siku kumi hivi, ndicho kaya ya CHF inachanga kwa mwaka. Tusiseme kwamba mtumishi anapewa bima ya bure. Anailipia, na anailipia kabla hajaumwa.

Kumbukeni pia ile asilimia 3 ya mwajiri. Mwajiri ni serikali, na serikali haina shamba. Ile fedha ni kodi yako wewe muuza nafaka, ni ushuru wa mazao, ni leseni ya duka lako pale Sogea. Kwa hiyo mwenzetu aliyesema "si ajenda yangu" amekwisha kuchangia bima hiyo bila kujua. Mwenye kuchangia ana haki ya kuuliza.

*3. Kwa nini linamgusa asiye na kadi*

Hili ndilo jambo kubwa la taarifa hii.

Mnafikiri dawa za zahanati ya kata na kituo cha afya zinatoka wapi? Zipo zinazoletwa kwa fedha za serikali kuu kupitia MSD. Lakini sehemu nyingine kituo kinanunua chenyewe, kwa mapato yake. Na mapato hayo ni matatu: fedha taslimu za wagonjwa, CHF, na malipo ya NHIF. Mtumishi akitibiwa pale, kituo kinapeleka madai, Mfuko unalipa, na fedha ile inanunua glavu, vitendanishi vya maabara, sindano na dawa ambazo wewe usiye na kadi unazikuta kabatini.

Kwa hiyo bei iliyomo kwenye kitita ikishuka, kituo kinapata kidogo. Madai yakicheleweshwa au yakikatwa, kabati linakuwa tupu. Na kabati likiwa tupu haliulizi nani ana kadi na nani hana. Daktari anakuandikia karatasi unaambiwa ukanunue duka la nje, wewe na mwalimu pamoja. Tofauti ni kwamba mwalimu ana fomu ya kuchukulia dawa duka lililosajiliwa, wewe una debe la mahindi.

Fikirieni na hili. Mji wetu una watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, na hapo hatujahesabu madereva wa malori wanaolala foleni wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, wala abiria wa TAZARA, wala wafanyabiashara kutoka Lubumbashi na Lusaka. Kipindupindu kikiingia, anayepita nyumba kwa nyumba ni afisa afya wa halmashauri. Anayempokea mama mjamzito saa nane usiku ni muuguzi. Anayekaa na watoto wako darasani mchana kutwa ni mwalimu. Mtu huyo akiwa na mgonjwa nyumbani na kadi haifanyi kazi, kazini yupo mwili tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

*4. Nafasi nne, na nani aachwe*

Kadi ya mtumishi inamhusu yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi ni watoto, na ni wazazi pia, wake au wa mwenza. Mtoto akifikisha miaka 18, au 21 kama bado yuko masomoni, anatoka.

Kwa karatasi ni utaratibu mzuri. Kwa maisha ya Mnyiha, Mnyamwanga au Mndali wa mkoa huu, maana yake ni hii: muuguzi mwenye watoto wanne hana nafasi ya mama yake mzazi aliyeko Kamsamba au Itumba, mwenye shinikizo la damu. Akitaka kumwingiza mama, amtoe mtoto mmoja. Tunawafahamu watu waliofanya uchaguzi huo. Hawausimulii kwa sauti.

Zamani kulikuwa na upenyo. Mtoto aliyekosa nafasi alikatiwa Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka jana usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, wazazi wakaambiwa watoto wajiunge kwa vikundi kupitia shule. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi walikuwa wanawaandikisha watoto waliokwisha kuumwa, na gharama zikazidi michango. Tunaikubali sababu hiyo, maana hata sisi kwenye vikoba hatumruhusu mtu kujiunga leo na kukopa leo. Lakini mtoto wa miaka miwili hana shule. Kwa kufunga mlango wa ulaghai, alifungiwa nje na mtoto mchanga.

*5. Wale wasiohesabiwa kabisa*

Tunaposema "watumishi wa halmashauri" wengi mnamwona mtu wa ofisini mwenye tai. Tazameni vizuri zaidi. Kijana anayesimama juani na mashine ya POS akikusanya ushuru. Mlinzi wa usiku. Mama anayefagia stendi alfajiri. Dereva wa mkataba. Mhudumu wa mapokezi anayejitolea kwenye kituo cha afya kwa miezi sita, halafu miezi sita mingine.

Nchi nzima halmashauri zinaajiri watu wa namna hii kwa mapato ya ndani, kwa mikataba mifupi. Hawamo kwenye mfumo wa mishahara wa serikali kuu, na kwa hiyo yale makato ya lazima ya NHIF hayawafikii yenyewe tu. Bima yao inategemea mkataba wao umeandikwaje na halmashauri imetenga nini. Wengi wanaozungumza nasi hawajui mkataba wao unasema nini juu ya ugonjwa. Baadhi hawana nakala ya mkataba.

Huyu anayekusanya mapato ya mji barabarani, akigongwa na bodaboda, nani anamtibu? Tunauliza swali hili kwa halmashauri zote 5 za Songwe: Tunduma, Mbozi, Ileje, Momba na Songwe. Hatumtuhumu mkurugenzi yeyote. Tunataka jibu la maandishi.

*6. Majibu kwa wapinzani wa hoja hii*

_Wanasema: "Kitita kimeboreshwa, dawa zimeongezwa, mnalalamika nini?"_ Hatupingi kuboreshwa. Bei za zamani zilikuwa za mwaka 2016, na kila mtu sokoni anajua bei ya 2016 haiuzi kitu leo. Orodha ya dawa lazima ifuatane na mwongozo wa tiba wa taifa. Tunachopinga ni kwamba anayeboreshewa ndiye wa mwisho kujua. Kama kweli ni jema, kwa nini halikubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata kwa Kiswahili, mwezi mmoja kabla?

_Wanasema: "Laumuni hospitali binafsi, zina uchoyo."_ Lawama wanayo. Kumkatalia mgonjwa mlangoni ili kumbana mlipaji ni kumfanya mgonjwa fimbo. Mwenye hospitali anayo mahakama, anayo wizara, anao umoja wake. Mgonjwa ana kadi tu. Hata hivyo, Mfuko na wizara walijua tangu mwaka jana kwamba bei zinabishaniwa, na kitita kiliahirishwa kuanzia Januari hadi Machi kwa sababu hiyohiyo. Miezi miwili ya kujiandaa ilikuwepo. Aliyepaswa kuandaliwa hakuandaliwa.

_Wanasema: "Subirini, Bima ya Afya kwa Wote inakuja."_ Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023, na tunaiunga mkono bila kigugumizi. Lakini itamfanya kila mkazi awe na bima, na wewe muuza nafaka utaingia humo. Kama leo watu wachache wenye mishahara ya uhakika wanabadilishiwa kitita bila kuambiwa, kesho mamilioni wasio na mshahara wataambiwa na nani? Tukinyamaza sasa kwa sababu kadi si yetu, tutakapopewa yetu tutaikuta na tabia hiyohiyo.

_Wanasema: "Watumishi wana chama chao, waache waseme."_ Wanavyo. TALGWU ipo, CWT ipo, TUGHE ipo. Lakini sote tunajua mtumishi wa umma anavyoogopa kunyanyua mdomo, na kanuni zinambana asifanye siasa kazini. Hatumwombi avunje kanuni. Tunasema sisi ambao hatuna barua ya ajira ya kunyang'anywa.

*7. Tujiseme na sisi*

Taarifa hii ingekuwa ya uongo kama tungewasema wengine tu.

Humu tawini wapo wanaoazima kadi. Kaka anatumia kadi ya kaka yake kwa sababu wanafanana. Wapo wanaochukua dawa kwa kadi ya mtumishi na kuziuza. Wapo wanaosaini fomu tupu dirishani ili "mambo yaende haraka", kumbe wanampa mtu nafasi ya kuandika vipimo ambavyo havikufanyika. Kila shilingi inayotoka kwa njia hiyo ni shilingi ambayo mwakani itatumika kama sababu ya kupunguza kitita. Wizi wa mdogo na wizi wa mkubwa unajaza gunia moja.

Mwanachama atakayebainika kufanya hivyo asitegemee tawi limtetee.

*8. Tunachodai*

Moja. Mabadiliko yoyote ya mwaka ya kitita yatangazwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata, shule na vituo vya afya vyote, *siku 30 kabla ya kuanza*: kilichoongezwa, kilichopunguzwa, na ngazi ipi inatoa huduma gani.

Mbili. Kila kituo kinachopokea NHIF kibandike mlangoni huduma ambazo kadi haizilipii pale, ili mtu ajue kabla ya kukaa benchi saa mbili.

Tatu. Halmashauri isome kwenye Baraza la Madiwani, kila robo mwaka, vituo vyake vimedai kiasi gani kutoka NHIF na CHF, vimelipwa kiasi gani, na madai gani yamekataliwa kwa makosa ya ujazaji. Fedha inayopotea kwa fomu kujazwa vibaya ni fedha ya dawa.

Nne. Wafanyakazi wa mikataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani wapewe bima, na fungu lake lionekane kwa jina kwenye mapitio ya bajeti ya 2024/25. Kama hawawezi kuingizwa NHIF mara moja, waanze na CHF. Shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka haiwezi kuishinda halmashauri yenye mpaka huu.

Tano. Mtumishi aruhusiwe kumwongeza mzazi au mtoto wa tano kwa kulipa mchango wa ziada unaojulikana, badala ya kulazimishwa kuchagua nani aachwe.

Sita. Mgogoro wa bei kati ya Mfuko na hospitali usimalizwe kwa kumfungia mgonjwa mlango. Mgonjwa aliyekwisha kuanza matibabu ayamalize, wenyewe wadaiane baadaye.

*9. Kazi ya kila mwanachama*

Kwanza, kila balozi wa tawi aulize kwenye mtaa wake: nani ni mfanyakazi wa mkataba wa halmashauri, ana bima au hana. *Tunataka idadi tu.* Msilete majina, namba za kadi wala picha za kadi humu kwenye kundi. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Pili, mwenye kituo cha afya karibu naye apite aangalie kama kuna tangazo lolote la kitita kipya ukutani. Apige picha ya tangazo, asipige picha ya wagonjwa. Azungumze na wahudumu kwa heshima. Muuguzi wa dirishani hakuandika kitita.

Tatu, tarehe 1 Mei tutakwenda kuwasindikiza wafanyakazi kwenye maadhimisho yao kama ndugu na majirani. Siku ile ni ya kwao, kwa hiyo *hakuna sare wala bendera ya chama.*

Nne, barua ya tawi yenye madai haya sita itapelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa ofisi ya NHIF ya mkoa na kwa mbunge, zote siku moja. Nakala itabandikwa ofisi ya tawi. Jibu likija tutalisoma mbele yenu, hata kama linatupinga. Lisipokuja ndani ya siku 30, tutawaambia hivyo.

Na kwa mwenzetu wa nafaka: hatujakukasirikia. Ulisema ukiumwa unauza debe la mahindi. Sisi tunataka ifike siku usiuze. Siku hiyo haitafika kwa kumwangalia mwalimu akinyimwa alichokilipia na kusema "afadhali, naye aonje". Itafika tukianza na kadi iliyopo, tukaifanya isemwe ukweli, kisha tukaidai na sisi.

Kikao cha kupokea idadi kutoka mitaani ni Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, mahali petu pa kawaida. Mvua isiwe sababu.

*Imetolewa na Uongozi wa Tawi, kupitia Katibu Mwenezi.*
_Ujumbe huu ni kwa wanachama wa tawi. Ukiusambaza, usambaze wote, usikate kipande._